Pikipiki Inayozimia Mlimani

3 Februari

Mume wangu,

Kabla hujauliza: sijambo, nyumba haijambo, na tanuri halijambo. Paka amezaa tena, safari hii kwenye kapu la makoti yako, na sina moyo wa kumfukuza.

Nakuandikia kwa ajili ya pikipiki yako. Usishtuke, siiuzi. Yule bwana wa mkokoteni aliyekuwa akinipandishia mikate shuleni ameoa, na mkewe amekataa kuishi huku, kwa hiyo wamehama na mkokoteni wao. Wiki iliyopita mwalimu mkuu wa shule ya mlimani alikuja dukani mwenyewe. Akasimama pembeni mpaka wateja wakaisha, ndipo akasema, "Mama Mkate, wanafunzi wangu wanataka mkate wa asubuhi, siyo wa mchana. Ukiweza kuufikisha kabla ya kengele, hata zahanati ya kule juu itachukua kwako. Usipoweza niambie mapema, nitafute pengine."

Nikamjibu nitaweza. Nilipofunga mlango ndipo nikajiuliza nitaweza vipi.

Basi nikaingia stoo. Nimeondoa magunia matupu, mabati, kitanda kilichovunjika mguu, na lile beseni ulilosema utaliziba. Pikipiki ilikuwa nyuma kabisa, imejifunika vumbi la unga mpaka inafanana na mimi saa za kazi. Magurudumu yamekaa chini kabisa, hayana upepo hata kidogo. Nilifungua tangi nikanusa. Hiyo siyo petroli tena mume wangu, inanuka kama rangi ya kupaka milango.

Kuna fundi hapa jirani, alihamia baada ya likizo yako ya mwisho. Amekubali kunisaidia. Lakini kasema waziwazi pikipiki siyo fani yake hasa, kwa hiyo tunakuhitaji. Mashine iliyolala tangu uende huko bwawani inaamshwaje? Tuandikie hatua kwa hatua, usituachie mambo ya "mtaona wenyewe".

Mkeo


11 Februari

Mke wangu,

Barua yako imeshuka na lori la vyakula, nikaisoma nimesimama, mikono ina grisi, ndiyo maana unaona alama za vidole. Huku hakuna jipya. Mitambo ya umeme inazunguka, maji yanashuka, sisi tunasikiliza kama kuna sauti imebadilika. Simu bado hazishiki humu bondeni. Walisema watajenga mnara, wamejenga choo.

Sasa sikiliza. Kwanza, msiipige kiki hata mara moja kabla hamjamwaga hiyo petroli yote. Ikikaa miaka inaacha utomvu, na utomvu huo ukishavutwa ndani mtajuta. Mkishamwaga, mulikeni tochi ndani ya tangi. Mkiona kutu, tieni petroli mpya kidogo na konzi ya kokoto safi, mtikise mpaka mikono iume, mmwage, mrudie. Fungueni koki ya mafuta chini ya tangi. Mle ndani mna kichujio kidogo kama cha chai, kioshwe.

Halafu kabureta. Hapo ndipo penye ugonjwa, nakuhakikishia. Chini yake kuna kibakuli. Mkikitoa mtaona vishaba viwili, vipande vidogo vya shaba vyenye matundu, kimoja tundu lake ni dogo kiasi kwamba lazima ukiinue kwenye mwanga ndipo ulione. Matundu hayo yameziba. Mwambie fundi wako asichokonoe kwa msumari wala sindano nene, atayapanua na mashine haitatulia tena. Achukue uzi mmoja wa brashi ya waya, au wa waya wa umeme. Apulize, aangalie mwanga, apulize tena.

Badilisheni oili. Badilisheni plagi. Ile ya zamani isitupwe, mtu akiiangalia rangi anajua mengi.

Ninafurahi umeitoa. Wakati mwingine huwa naiwaza kule gizani. Usicheke.

Atakayeiendesha ni nani?

Mumeo


20 Februari

Mume wangu,

Imeamka!

Fundi alitandika kitambaa cheupe kwenye meza yangu ya kukandia, akaifungua kabureta kipande kwa kipande, akavipanga kama vyombo vya daktari. Mikono yake hujapata kuiona. Vile vishaba ulivyosema alivishika kwa ncha za kucha. Alisema tundu la kwanza lilikuwa limeziba kabisa na la pili lilikuwa linafikiria. Ilipofika zamu ya kiki mimi niliziba masikio. Mara ya kwanza hola. Ya pili, hola. Fundi akaisemesha maneno ambayo siwezi kuyaandika, akapiga tena, ikakohoa, ikatoa moshi mweupe ukajaa ua mzima mpaka jirani akaja na ndoo ya maji. Kisha ikatulia ikawa inanguruma. Mume wangu, nilitokwa na machozi, nikasema ni moshi.

Sasa tatizo. Kwenye tambarare inakwenda vizuri tu. Ikifika kilima cha shule, pale barabara inapopinda kwenye mawe makubwa, inaanza kuchoka. Unaongeza mafuta, inapungua. Unashusha gia, inapungua tu. Mwisho inazimia kabisa, kimya. Ukikaa nayo kidogo pembeni, ukila hata kipande cha mkate, ukapiga kiki, inawaka kama vile haikufanya kitu! Inapanda tena, inazimia tena. Juzi mikate ilifika shuleni kengele imeshalia, na mwalimu mkuu alitazama saa yake. Amenipa mpaka shule ifungwe mwisho wa muhula huu aone kama nimejirekebisha.

Mwendeshaji bado anajifunza, kwa hiyo usiseme ni ubovu wa mwendeshaji. Tumeshalijadili hilo na tumekubaliana ni ubovu wa pikipiki.

Fundi anakusalimu. Anasema maelezo yako yananyooka.

Mkeo


27 Februari

Mke wangu,

Hongereni. Nilimsomea mwenzangu wa zamu, akasema tundu la pili "lilikuwa linafikiria" ni maneno ya mtu anayejua kazi.

Ugonjwa wa kuzimia na kuamka naufahamu. Mashine inakufa kiu. Petroli haiwezi kushuka kutoka kwenye tangi kama juu yake haiingii hewa. Ni kama kopo la maziwa ulilotoboa upande mmoja tu, linatoa matone mawili linagoma. Kwenye tambarare inakunywa kidogo, inatosha. Mlimani inataka kunywa sana, tangi linajibana, petroli inakataa kuteremka. Ukisimama, hewa inapenya polepole, mambo yanarudi.

Jaribio ni rahisi. Itakapozimia, afungue mfuniko wa tangi hapohapo na atege sikio. Ikivuta pumzi, fyuuu, basi mmemshika mwizi. Mfuniko una tundu la kupumulia, limezibwa na kitu.

Sasa na mimi nina maswali, siyo ya pikipiki. Huyo fundi ni wa wapi? Mtaani kwetu sikumbuki fundi yeyote wa mikono ya kidaktari. Anakaa peke yake? Anakula wapi? Nauliza tu. Mtu akikusaidia ni vizuri kumfahamu. Na umeandika "mwendeshaji" kana kwamba ni cheo cha serikali. Ni yeye fundi anayeendesha? Anapeleka mikate na wewe unabaki, au mnakwenda wote?

Huku mvua zimeanza, bwawa linajaa.

Mumeo


7 Machi

Mume wangu,

Ilivuta pumzi! Tena kwa sauti, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo ndani ya mfuniko, kijumba kizuri hata kukibomoa unaona haya. Fundi alikitoa chote, akatoboa tundu kwa waya, na sasa haizimii tena. Nilitamani ungekuwepo uone tulivyoshangilia pale kwenye mawe, watu wazima tunarukaruka barabarani.

Umeuliza habari za fundi, umefanya vizuri, maana ni mtu wa kushukuriwa. Anaishi peke yake. Kula, anakula hapa, tena kila siku, na anapenda mkate ukiwa moto siagi inayeyuka. Sasa hivi hata kulala analala hapa. Mvua zimeanza huku pia na paa lake linavuja, haliwezi kukaliwa, nikaona nitakuwa mtu wa namna gani nikimwacha alowe. Nimempa chumba cha mbele. Mume wangu, sikudanganyi, sijapata kupumzika hivi tangu uondoke. Nikiamka nakuta tanuri limeshawashwa na maji yanachemka. Jioni tunakaa mlangoni tunacheka mpaka mbavu zinauma. Nyumba ilikuwa imekuwa kimya mno, sikuwa nimegundua.

Kuna jambo ananifundisha. Sikuambii sasa, nitakuambia likikomaa.

Kuhusu pikipiki, tumebakiwa na donda moja. Haizimii, lakini kilima inakipanda kama imebeba nyumba. Moshi ni mweusi. Tulitoa ile plagi mpya tukaiangalia kama ulivyosema, ni nyeusi tii, masizi yanabaki kidoleni. Na ikizimwa, ukiisukuma kwa mkono ni nzito. Ni nini tena?

Mikate inafika, ila kwa kubahatisha. Shule inafungwa baada ya wiki mbili. Jibu upesi.

Mkeo


15 Machi

Kwako,

Barua imefika.

Plagi nyeusi maana yake mafuta ni mengi na hewa ni kidogo. Fungueni sanduku la chujio la hewa, chini ya kiti, upande wa kulia. Kitu kimeingia humo. Kuhusu uzito, inueni gurudumu la nyuma mlizungushe kwa mkono. Lisipozunguka kwa uhuru, breki imeganda na inabana muda wote. Ifunguliwe, ikwanguliwe kutu, ipakwe grisi kidogo kwenye ekseli yake, isiguse sehemu inayosugua.

Sikuwa nimekuambia kwamba uongozi umenipa mkataba mpya wa miaka mitatu. Nilikuwa sijaamua. Naona huko mambo yanakwenda vizuri na mna msaada wa kutosha, kwa hiyo nadhani nitasaini mwisho wa mwezi.

Pikipiki mfanye mnavyoona.

Mimi


23 Machi

Kwa mwenye pikipiki,

Hatujuani, ila nimekula mkate wa nyumbani kwako kiasi cha kutosha kukuita mwanangu. Mimi ndiye fundi.

Natengeneza cherehani. Nina goti bovu, nywele nyeupe, meno ya kuhesabika, na wajukuu waliotawanyika kila upande. Nakoroma, mkeo atakuthibitishia. Nimevaa hereni tangu ningali mtoto wa kubebwa. Sasa nadhani umeelewa kwa nini nakuandikia.

Mkeo ana kawaida ya kunisomea barua zako, maana macho yangu hayapendi mwandiko wa kalamu. Hii ya mwisho alianza kuisoma kwa sauti, pale penye mkataba akanyamaza. Nikamwambia soma. Akasoma. Nikamuuliza, "Wewe ulimwambia mimi ni nani?" Akasema, "Nilimwambia fundi." Nikamwambia, "Fundi tu?" Akasema, "Kwani nilipaswa kumwambiaje?"

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Lugha yetu hii, mwanangu! Ukisema "amekuja", "amelala", "ananifundisha", haikwambii aliyekuja ana ndevu au ana kanga. Mkeo naye alicheka, kisha akaacha ghafla. Akasema, "La fundi ni la kuchekwa. Lakini miaka mitatu aliificha wapi siku zote hizi?" Akaondoka akaenda kukanda unga ambao haukuwa na haja ya kukandwa.

Nikuambie na la pikipiki. Tulifungua lile sanduku chini ya kiti. Panya walikuwa wamehamia humo wakaondoka zao, wameacha kitanda cha nyuzi za magunia ya unga, kimeshindiliwa mpaka mlangoni. Mashine ilikuwa inavuta pumzi kupitia godoro! Tukakitoa, tukaosha chujio, tukaweka plagi safi. Breki ya nyuma nayo ilikuwa kama ulivyosema, imeganda kwa kutu. Niliikwangua mwenyewe nimekaa juu ya kigoda. Sasa gurudumu ukilipiga kofi linazunguka mpaka linakuchosha kulitazama. Siku ile ile tulipanda kilima cha shule na mikate yote, mimi nyuma nimeshika kapu, na tulifika kengele haijafikiriwa. Mwalimu mkuu alitoka nje na kikombe chake cha chai, akasema mpaka muhula ujao.

Nataka ujue kitu kimoja. Ulikuwa umekasirika, lakini dawa hukuificha. Uliandika hadi grisi ipakwe wapi isipakwe wapi. Nilimwambia mkeo, mtu aliyekukata moyoni mwake hakuhangaikii breki.

Mwendeshaji ni yeye. Ndilo jambo nililokuwa namfundisha, maana marehemu mume wangu alikuwa nayo kama hii na nilikuwa naiendesha kumshinda. Leseni amepata wiki iliyopita. Alitaka akushangaze ukija likizo.

Shule imefungwa jana. Leo asubuhi amefunga begi nyuma ya kiti, amevaa koti lako alilomnyang'anya paka, amesema anakuja huko. Atalala njiani kwa binamu yake. Nimempa barua hii aje nayo, akakataa, akasema anayo midomo yake mwenyewe. Kwa hiyo naipa lori. Ninyi mtajua nani atatangulia.

Mimi nabaki na tanuri.

Fundi Cherehani


26 Machi

Mama Fundi,

Shikamoo. Hii iliyotangulia ni salamu, na hii inayofuata ni samahani, ingawa sijui hasa ni ya kosa lipi, kwa kuwa katika mawazo yangu nilikuwa nimekupa masharubu, misuli, na kofia iliyokaa upande. Nilikuchukia sana, Mama. Nilipokuwa nafunga nati nilikuwa nafunga shingo yako. Nisamehe.

Barua yako nimepewa leo, ilikaa ofisini tangu lori lifike. Yeye alifika juzi, mbele kidogo ya lori hilo. Dereva wa lori ameniambia kwamba kwenye mpando mrefu wa kuingilia bondeni, yeye akiwa gia ya kwanza na lori linalia, alipitwa na mwanamke aliyevaa koti la kiume. Anasema alimpungia mkono kama mtu anayepita kwenye maonyesho. Nilimwomba arudie hapo alipopitwa. Amerudia mara kadhaa, mwisho akachoka na mimi.

Mimi nilikuwa kwenye mitambo. Mlinzi akaja kuniita, akasema, "Kuna mama langoni na pikipiki, nimemuuliza ana shida gani akasema shida yake ni wewe." Nilipanda ngazi sijui vipi. Nikamkuta amekaa juu ya pikipiki, ameweka mguu chini, vumbi mpaka kwenye kope. Injini alikuwa hajaizima. Nilisikia sauti yake kabla sijamwona yeye, na nakuambia, hata ilipokuwa mpya haikuwa inatulia vile.

Akasema, "Nimekuja kukujulisha fundi. Ni bibi. Ana goti bovu na anakoroma."

Nikakaa chini palepale, juu ya changarawe. Mlinzi alidhani nimepata kizunguzungu, akanikimbilia na maji. Mke wangu akazima injini, akashuka, akayanywa yeye.

Kisha akaniuliza habari ya mkataba. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia ukweli: kila barua yake ilikuwa ya furaha. Tanuri halijambo, mikate inauzwa, paka amezaa. Hakuna mahali alipoandika kwamba kuna kitu kinapungua. Nikawa nasoma, najiambia, huko nikirudi nitakuwa wa kukalia kiti tu.

Akanitazama sana. Akasema, "Nilikuwa naandika mazuri ili usihangaike huku mbali. Ulitaka niandikeje? Kwamba nalala upande mmoja wa kitanda?"

"Ndiyo," nikasema. "Hilo ungeandika."

"Na wewe? 'Huku hakuna jipya.' Kila barua hakuna jipya. Wewe ukitaka kusema jambo la moyoni unaandika kabureta."

Mlinzi alikuwa amesimama karibu mno na hakuona sababu ya kuondoka.

Akaendelea, "Sijaja kukuomba urudi. Ukitaka miaka mitatu, saini, nitaishi, nimeshajua namna. Ila nimeendesha njia yote hii ili uniambie usoni unachotaka. Bila breki, bila plagi."

Mama, mimi ni mtu wa mashine. Nikikaa karibu na mtambo nasikia beringi ikianza kuchoka wiki nzima kabla haijachoka. Lakini swali kama lile sijapata kuulizwa. Akasubiri. Hakunisaidia hata neno moja. Mwisho nikasema nataka kurudi nyumbani. Nilisema kwa sauti ndogo, akataka nirudie, nikarudia kwa sauti mpaka mlinzi akapiga makofi.

Jana nimerudisha mkataba kwa mkuu wa kituo haujasainiwa. Alishangaa, akauliza kama nimepata kazi kwingine. Nikamwambia nimepata, ya mikate. Akauliza, "Unajua kuoka?" Nikamwambia sijui, ila kuna shule na zahanati, na muhula ujao mwalimu mkuu anataka na skonsi, na tanuri lile mlango wake haufungi vizuri tangu tulinunue, na kuna bibi mmoja ambaye paa lake linavuja. Akasema mtu mwenye kazi nyingi hivyo hawezi kumzuia. Muda wangu hapa unaisha Ijumaa.

Kwa hiyo usitafute fundi wa paa, nakuja kuliziba mwenyewe. Na usihame chumba cha mbele mpaka likauke vizuri, mke wangu amesema, na mimi nasema vilevile.

Tunateremka Jumamosi. Nilimwambia njia ni ndefu, nitaendesha mimi, yeye apumzike. Hakubisha. Aliniuliza tu kama leseni yangu bado iko hai. Nikaenda kuitazama. Ilikufa zamani sana.

Basi nitakaa nyuma, sanduku langu kati yetu au mgongoni, tutaona. Tusipofika upesi usiwe na wasiwasi, pikipiki haina tatizo lolote. Ni yeye. Amesema kila tutakapokuta mpando mkali atasimama katikati yake makusudi, azime injini, kisha aiwashe na kuondoka nayo, ili nijionee.

Ni mimi, niliyekusingizia masharubu